Kipande cha Majaribio

Jumanne, 10 Juni 2025

Nimelikosea adabu daftari hili: tangu Pasaka sijaandika hata mstari. Udhuru wangu si mzuri — nilistaafu, nikawa sina la kusema. Sasa ninalo!

Githinji, mwenye karakana Ruiru, ameniita nisimamie utaratibu wa kuchomelea presi, mashine ya kugandamiza bati, ya kiwanda cha sufuria, Thika. Fremu imepasuka, na chuma chake kina unene wa upana wa kiganja. Chuma cha namna hiyo hakichomelewi kama geti. Hupashwa moto kwanza, huchomelewa bila haraka, kisha hufukiwa katika majivu kipoe polepole. Kikipoa haraka hupasuka ndani, usione. Kwa hiyo tunaanza na kipande cha majaribio: chuma kilekile, unene uleule. Tunakikata na kukipinda. Kisipofunguka ufa, natia sahihi. Ndipo presi iguswe — si kabla!

Githinji anasema hayo ni mambo ya darasani. Ndiyo. Nilifundisha darasani, na wanafunzi wangu bado wana vidole vyao.

Alhamisi, 12 Juni

Kipande kimepinda vizuri. Vizuri mno! Githinji alipiga makofi: "Umeona, Mwalimu? Imepinda kama chapati!"

Nilishika kalamu, nikasita. Nikaomba grinda, mashine ya kusagia chuma. Nilipokigusa kipande, zilitoka cheche ndefu, zilizonyooka. Nilipogusa kigae kilichomeguka kwenye presi, zilitoka fupi, zenye kupasukapasuka. Vyuma viwili tofauti! Mafundi wa Githinji walikuwa wamechomelea chuma laini cha kujengea. Ni kama kumpima jirani damu ili umtibu mgonjwa.

Githinji hakuona haya hata kidogo. Eti chuma ni chuma, hicho ndicho kilichokuwa karibu, na mchungaji ameshaitwa aje Jumamosi kuiombea presi. Kuiombea! Mimi nasali asubuhi na jioni, lakini sijawahi kumwomba Mungu apitishe kazi ambayo mimi mwenyewe nimeikataa.

Jumamosi, 14 Juni

Mchungaji amerudishwa nyumbani. Nilitafuta chuma cha aina ya presi, nikawaambia mafundi wakichomelee vilevile walivyokichomelea kile laini. Leo tumekipinda. Ka! Ufa unapitisha ukucha.

Nilidhani mjadala umekwisha. Githinji akasema, "Lakini ile ya Alhamisi si ilipita?"

Ilipita!

Jumatatu, 16 Juni

Nimekuja Thika kumweleza Wakonyo, meneja wa kiwanda, kwamba sitatia sahihi. Tuanze upya: moto zaidi, majivu zaidi, subira zaidi. Githinji alikuwa amenitangulia. Amemwambia kwamba uzee umenitia woga, na kwamba anaye mtu mwingine wa kutia sahihi leo hii.

Langoni vibarua wa Kiandutu, mtaa wa mabanda wa hapa Thika, walikuwa wameketi chini. Presi imelala, nao hawana kazi. Mwelu, mama anayeiendesha, alinikabili mbele ya wote.

"Mzee, si utie tu hiyo sahihi? Watoto hawali majivu."

Wakacheka. Mmoja akadakia kwamba huyu mzee anangoja sufuria ziive kabla hazijatengenezwa. Sikuwakasirikia. Niliwakasirikia waliowafikisha hapo.

Nikamwuliza Mwelu: wakiichomelea kama kile kipande kilichopasuka, utasimama palepale unaposimama kila siku?

Kicheko kikakatika. Mwelu aliikunja mikono, akaificha kwapani.

"Nitasimama," alisema. "Nitaenda wapi?"

Kisha akanisogelea, akashusha sauti wenzake wasisikie. "Lakini wewe, mzee, usitie."

Sasa niko kwenye benchi nje ya ofisi. Wakonyo amejifungia ndani na Githinji. Ameniomba nisiondoke. Siondoki! Kalamu yangu haitatia sahihi yoyote hapa leo. Kazi yake imebaki moja: Wakonyo akishaamua, liwe lolote, niliandike humu.