Meno Mawili ya Hanna

Mlimani Meru, juu ya Maji ya Chai,
6 Machi 1912.

Mpendwa kaka Thomasi,

Shikamoo. U hali gani huko Tanga? Joto halijakumaliza? Na kile kifua chako, kimepoa? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mume wangu Elisaria mzima, migomba imezaa, mvua bado tunaingojea.

Barua yako ilifika. Niliisoma mara mbili, nikaitupa jivuni, halafu nikaiokota. Usinikasirikie, lakini nilichukia. Umeandika nimfunike mtoto mdomo mpaka meno ya chini yatoke, watu watasahau. Hata wewe, kaka, mwalimu mzima?

Ni kweli Hanna ameota meno ya juu kwanza. Ni mawili tu, meupe kama punje za mahindi mabichi. Mama mkwe aliyaona siku mtoto alipocheka, akaangusha kibuyu cha maziwa. Unajua zamani watoto wa namna hiyo walipelekwa porini wakaachwa, ati ni mkosi. Siku hizi serikali ya Wadachi imekataza, na misheni pia, basi yeye huniambia tu, "Mpunguzie ziwa. Huyo atatumaliza sote." Huku anamenya ndizi, kama mtu anayeomba chumvi!

Nami, kaka, nilikuwa nimeshamfunika hata kabla hujaniandikia. Wiki tatu kitambaa mdomoni. Nikiulizwa, nasema ana mafua. Kikalowa mate, kikanuka maziwa yaliyochacha, kidevu kikajaa vipele. Siku moja nikakifungua nimnyonyeshe, akanitazama, hakucheka. Alikuwa amezoea. Nilijionea kinyaa mimi mwenyewe.

Jumapili hii Mzee Sakaya, mzee wa kanisa letu, alitufundisha habari za Kwaresima. Akasema Yesu aliwagusa wenye ukoma, wala hakuwakimbia. Akalia mbele yetu. Nikasema moyoni, leo nimempata Mungu mwenye huruma niliyekuwa namtafuta. Nikakiondoa kitambaa, nikamfuata mzee mlangoni nimwombe aandike jina la Hanna kwa ubatizo wa Pasaka. Mtoto akanyoosha mkono, akashika kanzu yake. Mzee akaivuta kama aliyerukiwa na chura, akatema mate kando.

"Mfunike huyo, Mama Hanna."

"Na ubatizo je, mzee?"

"Asubiri meno ya chini. Tena nani atakubali kumsimamia?"

Machozi ya mahubiri yalikuwa hayajakauka mashavuni mwake!

Ndipo bibi Susana, yule mjane wa kijiji cha Kikwe, alipoangua kicheko. "Sakaya, hebu fungua mdomo tuone. Meno ya chini uling'olewa ujanani kama sisi sote, umebaki na ya juu. Mleteeni na mzee kitambaa!"

Wanawake wakacheka. Mzee akafumba mdomo, akaenda zake. Mimi sikucheka, nilikuwa naitazama midomo yao. Wote, kaka. Mbele, chini, pengo. Na mama mkwe vilevile.

Kitambaa nimekitia motoni. Nimeomba kwa maneno yangu, maana ya kitabuni siyajui mengi: Mungu, kama nawe unaogopa meno mawili ya mtoto, niambie nijue. Jana Hanna akaniuma ziwa, nikapiga ukelele, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu kitambaa. Nikacheka huku nalia. Nafikiri Mungu alikuwapo hapo. Kwenye kanzu ya Sakaya simtafuti tena.

Elisaria amekwenda kwa mchungaji, naye amesema wasimamizi wakitimia wawili, atambatiza Pasaka. Susana amekubali. Wa pili hayupo. Nimezunguka nyumba kwa nyumba. Huyu ana mgonjwa, yule ana safari, na wote wanautazama mdomo wa mwanangu.

Basi njoo wewe. Treni sasa inafika Moshi, na kutoka hapo ni siku tatu kwa miguu. Kama huji, sitakulaumu, lakini habari ya kitambaa usiniandikie tena.

Nisalimie sana wifi Elizabeth na watoto. Elisaria anakusalimu. Mama mkwe hakutuma salamu. Nakusalimu mimi kwa niaba yake, maana bado ni mama yetu, na huenda moyo wake ukalainika. Mungu akutangulie njiani.

Ukifika, usimwogope. Mchekee. Siku ulipong'olewa meno yako ya chini, mimi ndiye niliyekushikia kibuyu cha maji ya kusukutua, nakumbuka. Atakuona mnafanana.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukungoja,
Tabea, mama yake Hanna.