Kofia ya Bwana Mkubwa

Mjukuu wangu Hadija,

Nakusihi uisome barua hii peke yako. Baba yako asisikie hata neno, maana nilimlea nikimwambia cha serikali hakiguswi. Hapa Garsen tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama. Umeuliza kwa nini sikosi kukichangia kikundi chenu cha maigizo.

Miaka ya hamsini nilikuwa karani wa serikali. Vijana wa kijiji cha Ngao walipokuja kuigiza hapa, kila mtu alitoa alichokuwa nacho. Wafugaji walileta maziwa, na Mzee Komora akatoa mtumbwi wake uvushe watazamaji mto bure. Mimi nilimpa mwigizaji kofia ya bwana mkubwa, Mzungu niliyemfanyia kazi, aliyekuwa safarini Bura. Ruhusa sikuwa nayo.

Mchezo ukiendelea, tulimsikia bwana mkubwa akiita mtumbwi kutoka ng'ambo, ambako akina mama walikuwa bado wanasubiri kuvushwa. Niliona kazi imekwisha, pengine na jela juu.

Mzee Komora akamjibu, "Pole bwana. Leo mtumbwi ni wa mchezo. Akina mama kwanza."

Alirudi mara tatu kuwachukua. Alipomvusha bwana mkubwa, nilikuwa nimekwisha kuirudisha kofia msumarini ofisini. Sikuthubutu kumwuliza mzee kama alijua.

Usinijibu kwa posta. Shuka Garsen, na kama umesahau njia, umwulize muuza maziwa yeyote nyumba ya karani mzee. Ukimkuta baba yako hapa kwangu, tutazungumza habari za mvua mpaka aondoke.

Babu yako