Kurasa Zilizofungia Chumvi

Kihoto, Naivasha

Mama Nekesa,

Nakusalimu kutoka huku bondeni. Mimi ni mzima, isipokuwa kikohozi cha vumbi ambacho kilinianza Oktoba na hakijaamua kuondoka. Goti lako linaendeleaje? Uliandika kwamba linakuuma ukishuka mlima kwenda shuleni, ukaachia hapo bila kusema kama ulienda hospitali. Naomba jibu kamili. Na Mama je, bado anameza dawa za presha, au amerudia kuzificha chini ya mto?

Kazi iko. Siku hizi redio inanitaka habari za ziwa tu. Maji yamepanda tena, yameingia kwenye nyumba za chini hapa Kihoto, na watu wanahama polepole, kitanda leo, kabati kesho. Chumba changu kiko upande wa juu, usihangaike. Nimenunua gambuti za kukanyagia maji na zinanitosha.

Uliniuliza ningependa kusoma nini mwaka ujao, kama tunavyoulizana kila Desemba. Kabla sijajibu, nikueleze kwanza yaliyotupata na kitabu cha mwaka huu, kwa sababu jibu langu limetoka hapo.

Kikundi chetu cha kusoma umekisikia tu. Tuko watano na kitabu ni kimoja. Kwa hivyo tunakifungua uzi, tunakigawa mafungu sita, na kila fungu linashonwa upya kivyake. Msomaji wa kwanza akimaliza fungu la kwanza anampa wa pili, yeye anaingia fungu linalofuata, na kitabu kinasonga hivyo kama ndoo kwenye foleni ya maji. Aliye mbele haruhusiwi kumwambia aliye nyuma lolote. Anayevunja sheria hiyo anatupikia chai sote Jumapili, na anatazamwa vibaya mwezi mzima.

Wa kwanza kwenye foleni ni Kiprono, anayefanya kazi kwenye visima vya mvuke Olkaria. Anafuatwa na Njeri, ambaye hupakia maua kwenye shamba moja la hapa. Kisha Kariuki, mchoma nyama wa Kikopey, ambaye hurudi nyumbani kila Jumapili. Mimi ni wa nne. Wa mwisho ni Mama Chebet, mjane wa makamo anayeuza mboga, na nafasi hiyo aliichagua mwenyewe. Husoma polepole na kwa sauti, na husema kwamba nyuma ya foleni hakuna mtu wa kukusukuma.

Kitabu cha mwaka huu Njeri alikipata Nakuru kwa muuza vitabu vya mitumba. Jalada lilikwisha kung'oka pamoja na kurasa za mwanzo, kwa hivyo hatujui jina lake wala aliyekiandika. Ni hadithi ya mwanamke aliyefiwa na mume, na shemeji yake anataka kumtoa kwenye nyumba. Unaweza kukisia jinsi Mama Chebet alivyokishika. Nyumba yake iko kwenye mstari wa chini kabisa, na maji yalikuwa yameshafika jikoni. Binti yake alimwambia ahamie kwake Eldama Ravine kabla ya mwaka mpya, akakubali, kwa sharti kwamba amalize kitabu kwanza.

Hapo ndipo Kariuki alipotuharibia. Alikuwa na fungu la mwisho, akilisoma wateja wakipungua. Siku moja aliitwa sokoni kuchagua mbuzi, akaliacha kando ya gogo la kukatia nyama. Wewe umepita Kikopey, unajua mteja anayebeba nyama ya njiani hupewa na chumvi iliyofungwa kwenye kikaratasi. Gazeti lilikuwa limeisha. Mwenzake, mtu mzima na makini, aliona karatasi nzuri imekaa bure akaanza kuinyofoa ukurasa mmoja mmoja. Kariuki alirudi akakuta umebaki ukurasa mmoja tu, na tayari ulikuwa mkononi mwa mteja, na chumvi ndani. Mwisho wa hadithi yetu uliondoka na magari, ukurasa mmoja kwenda Nakuru, mwingine Nairobi.

Jumapili hiyo Kariuki alikuja na kilo mbili za mbavu na uso wa mtu aliyefiwa. Njeri alimwambia mwaka ujao tutanunua kitabu cha bati. Mama Chebet hakumlaumu. Aliuliza tu kama kuna nakala nyingine, na sisi tukajua kwamba bila jina hatuna hata la kuulizia.

Waliokuwa wamesoma fungu lile ni wawili, Kiprono na Njeri. Tulikubaliana kwamba sheria ya kunyamaza iwekwe kando mara hii moja, na mimi, kwa sababu ndiyo kazi yangu, niwahoji halafu nimpe Mama Chebet mwisho wake kabla hajaondoka. Niliwahoji kila mmoja peke yake. Ukiwaweka mashahidi pamoja, mmoja husikiliza na mwingine husema.

Kiprono nilimpata kwenye geti la kazini kwake wakati wa chakula cha mchana. Alinieleza haraka kwamba chifu aliingilia kati, shemeji akaaibishwa mbele ya watu, mwanamke akarudishiwa nyumba na akapanda mahindi. Nilimuuliza chifu aliletwa na nani. Akasema walimwita. Nikauliza ni nani alimwita. Akajikuna shingo.

Njeri alikuwa akifua mlangoni pake. Alisema hakuna chifu yeyote. Mwanamke alishindwa. Alipakia cherehani yake kwenye mkokoteni, akabishana na mwenye mkokoteni kuhusu bei, shemeji akiwa amesimama pale pale bila kuinua hata kamba. Halafu alifunga mlango na kuweka ufunguo mfukoni, ingawa kufuli ilikuwa ibadilishwe siku hiyo hiyo. Kitabu kinaishia hapo. Nilimuuliza maswali yale yale mara mbili, kwa mpangilio tofauti, na majibu hayakuhama.

Nikarudi kwa Kiprono. Hakubisha sana.

"Boss, huyo mathe anahamishwa na maji," alisema. "Sasa mimi nimwambie hata yule wa kitabuni alipoteza?"

"Aliomba mwisho wa kitabu. Hakuomba kutulizwa."

"Wewe kwako kila kitu ni habari. Siku nikifa utauliza nani aliniona wa mwisho."

Nilimwambia ndiyo, nitauliza. Alicheka, lakini aliniomba nifikirie. Nilifikiri, Mama Nekesa, kwa sababu Kiprono si mtu mbaya na hoja yake haikuwa ya kijinga. Mama Chebet hangejua kamwe. Hakuna ukurasa uliobaki wa kutusuta. Lakini niliona kwamba tukimpa nyumba ya uongo, tutakuwa tumemtoa kwenye foleni ya wasomaji na kumweka kwenye ile ya wagonjwa wanaofichwa majibu ya daktari.

Jumapili ya mwisho tulikutana kwa Njeri, maana ukumbi wa kanisa tuliouzoea umejaa maji. Desturi yetu ya kufunga mwaka ni kila mmoja kusema anachotamani kwenye vitabu vya mwaka unaokuja. Njeri alitaka hadithi ya mapenzi ambayo watu wake wana kazi ya kwenda asubuhi. Kariuki alitaka chochote, ila akipewa fungu lake alisome huku amekaa juu yake. Kiprono alitaka kitabu cha kuchekesha, akanitazama. Zamu ya Mama Chebet ilipofika, alisema ya mwaka ujao hayajui, yeye alikuwa anangoja ya mwaka huu.

Nikamweleza kama Njeri alivyoniambia, bila kuongeza. Alinisikiliza mikono ikiwa magotini. Nilipomaliza, hakuna aliyegusa chai.

"Ufunguo alienda nao?" aliuliza.

"Alienda nao," Njeri akajibu.

"Huyo aliyeandika ameshawahi kuhama," akasema Mama Chebet. Kisha akamgeukia Kiprono, ambaye alikuwa anatazama sakafu. "Na wewe mbona umekaa kama umeiba kuku? Ulitaka kunipa nyumba, si ndiyo? Asante. Ungenipa nisingeamini, halafu ningebaki bila mwisho kabisa."

Kiprono alikwenda kupika chai nyingine bila kuambiwa.

Tulijaribu kupanga jinsi ya kumweka kwenye kikundi akiwa Ravine. Kariuki akapendekeza tuwe tunamtumia mafungu kwa ofisi ya vifurushi, yeye akiwa bado wa mwisho kama alivyozoea. Mama Chebet alikataa hapo hapo.

"Nianzieni mimi," alisema. "Nimekaa nyuma, nimeona yanayofika huko. Mwaka ujao mtangoja mpaka nimalize, na mkinipigia simu kuuliza, sipokei."

Hakuna aliyepinga. Jumanne tulimsaidia kupakia vitu kwenye pikapu, na akaondoka akiwa amekaa mbele na dereva. Kwa hivyo sasa kitabu kitaanzia Ravine, na sisi huku tutasoma kwa kasi yake, ambayo nimekwambia ni ya polepole na kwa sauti.

Jibu langu basi ni hili. Kitabu cha kuanzia mwaka nimeambiwa nikitafute mimi, na mimi nakutuma wewe. Ukishuka Bungoma, kipekue hadi mwisho kabla hujakilipia. Kiwe na jalada, jina, na kurasa zote. Usikisome. Kitume moja kwa moja kwa Mama Chebet, nimeandika anwani nyuma ya karatasi hii. Nimeomba nafasi yako kwenye foleni na wamekubali: utakuwa nyuma yangu. Utapata kila fungu nikishalimaliza, na usinihoji kwenye simu, maana sitajibu.

Msalimie Mama, umwambie dawa ni za kumeza. Msalimie Nekesa, na mdogo wake anayejifanya hana habari na hesabu. Msalimie kaka yako fundi, mlango wa ghala bado ninamdai. Majirani wote wa kando ya mto wape salamu zangu kwa majina. Nitafika Aprili, ratiba ya kazi ikinipa nafasi. Goti lipelekwe hospitali kabla ya hapo.

Mimi mumeo,
Wafula