Walioishia Magotini

Alhamisi, mwezi wa nne, masika ya pili tangu Wazungu waanze vita yao. Mvua imepumzika toka asubuhi, lakini tope bado liko kizingitini na nusu ya nyumba iliyobaki inanuka samaki waliooza. Nimeamka na hasira, nimeshinda na hasira, na sasa vivuli vinarefuka sioni dalili ya kupoa.

Ninaandika Kiswahili kwa makusudi. Nilifundishwa na kaka yangu, aliyekuwa mchochea kuni katika meli ya serikali, na hapa ukweni hakuna hata mmoja anayekisoma. Ningeandika Kinyakyusa, mwalimu wa misheni angeyasoma haya kabla wino haujakauka, na jioni ningesikia ninaombewa kwa jina.

Leo wamekaa baraza. Si kwa ajili ya mafuriko, wala mpunga uliozama, wala waume zetu waliochukuliwa kubeba mizigo ya Wajerumani. Wamekaa kumjadili baba mkwe wangu kwa kosa la kuniokoa mimi na watoto.

Acha nianze mwanzo, maana hasira inanirukisha.

Mimi ni Mkisi wa Ikombe. Kwetu ni udongo na ziwa: mama anafinyanga, baba anavua, mtoto anajua kuogelea kabla hajajua kutukana. Nikaolewa huku Mwaya, kwenye tambarare ya migomba na mpunga, kwa watu ambao wanaume wao hujenga na wenzao wa rika. Vijana wana kijiji chao, wazee wana chao. Sababu moja ni sisi wakwe. Mke wa mtu hapaswi kukutana macho na baba wa mumewe, hapaswi kula anapokula, hapaswi kutaja jina lake. Akisikia kikohozi chake njiani, anajitupa migombani na kufunika uso mpaka apite. Kwetu tunaheshimu wakwe pia, lakini si kwa kujitupa. Nilizoea. Miaka yote hii baba mkwe kwangu alikuwa kikohozi na mgongo unaotokomea.

Wazee wako juu, kwenye mwinuko. Vijana tulipewa huku chini karibu na mto, kwa kuwa ndiko kulikobaki.

Siku askari walipokuja kumchukua mume wangu, rika lake lilikuja kuaga. Anyosisye ndiye aliyesema kwa sauti kuliko wote. Alimshika mume wangu bega, akasema, "Nenda, ndugu. Nyumba yako ni nyumba yetu. Mvua ikivuja kwako imevuja kwetu." Mume wangu akaniangalia kama anayeniachia ng'ombe wa maziwa. Nami nikaamini. Nilichota hayo maneno nikayaweka akiba, mjinga mimi.

Wiki iliyopita mto ukapanda alfajiri. Si polepole kama mwaka juzi. Nilitoka kuangalia vyungu nilivyoanika, nikarudi ndani maji yakinifuata kisigino. Kabla sijafunga mtoto mgongoni yalikuwa mapajani. Nikawapandisha watoto darini, Lugano na mdogo wake, ambaye hajamaliza hata miezi mitatu, kisha nikapanda mwenyewe. Vyungu vilivyokwisha kuchomwa niliviona vikitoka mlangoni kimoja baada ya kingine, kama wageni waliokosa chakula. Vile vibichi viliyeyuka palepale.

Kuogelea ninajua. Hilo ndilo watu wanalonirudia leo: wewe Mkisi, kwa nini hukuogelea? Nina mikono miwili na watoto wawili, na maji yale yalikuwa yanabeba magogo. Ningeweza kuvuka na mmoja. Nilikaa darini nikiwatazama wote wawili na nikajua hilo neno "mmoja" linamaanisha nini, na nikaapa silifikirii tena. Ukuta wa upande wa mto ulikuwa umeanza kumomonyoka. Udongo ninaujua, ndiyo kazi yangu. Nilijua haufiki adhuhuri.

Nikatoboa ezeko nikatoa kichwa. Watu wote walikuwa pale kwenye mwinuko, wamejipanga, wananitazama.

Nilipiga kelele mpaka koo likawaka.

Sasa nitaandika alichofanya kila mtu, na sitapunguza wala kuongeza.

Jumbe, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, alinyoosha mkono kuonyesha kwamba ameniona. Akatuma mtu kwa askari anayelinda mitumbwi, maana tangu vita ianze serikali imekusanya mitumbwi yote ya mtoni ili mtu asivuke kwenda kwa Mwingereza. Ilikuwa imefungwa palepale chini ya mwinuko. Askari akajibu kwamba mitumbwi ni ya serikali na yeye amewekwa kulinda ziwa, hakuwekwa kulinda mpunga, na bila amri ya bwana wake hakuna kinachofunguliwa. Na bwana wake yuko bomani, safari ya siku nzima kupanda milima. Mtu huyo amekaa hapa tangu vita ianze akisubiri meli ya adui, hajafyatua hata risasi moja, anakula ndizi zetu. Miguu yake ilikuwa mikavu kabisa.

Mwalimu wa misheni alipiga kengele. Watu wakakusanyika, akaanzisha wimbo. Ninasali, nimebatizwa, sina ugomvi na nyimbo. Lakini nikiwa juu ya paa na mtoto ananyonya huku nyumba inatetemeka, nilisikia sauti ya pili ikiingia vizuri kabisa, nikatamani kurusha mawe.

Anyosisye aliingia majini. Hilo nampa. Aliingia mpaka magotini, akasimama, akageuka kuwaambia wenzake kwamba mkondo ni mkali. Kana kwamba nilidhani ni laini! Mwingine wa rika akasema mamba huja na mafuriko. Wakarudi kutafuta kamba. Mpaka leo bado wanaitafuta.

Basi nikaona mtu mmoja anashuka kutoka kijiji cha wazee, shuka kabeba begani. Hakuzungumza na mtu. Alifungua mtumbwi, akachukua upondo, akasukuma. Askari akapiga ukelele. Mzee hakugeuka. Askari akapiga risasi moja hewani, na hiyo ndiyo vita yake yote tangu aje. Nadhani ndiyo sababu hakumpeleka mzee bomani, risasi ingehitaji maelezo.

Alipofika katikati nikamtambua kwa mgongo.

Sitasahau alivyokuja. Alikuja kinyumenyume. Alipokaribia ezeko alivuta shuka akajifunika kichwa chote, akasukuma kwa kupapasa upondo mpaka mtumbwi ukagonga paa. Kisha akanyoosha mikono nyuma, mitupu, akangoja. Nami nikafunika uso wangu. Katikati ya mauti yale, vipofu wawili kwa hiari, tukapitishana watoto. Nikampa mdogo, akampakata. Nikampa Lugano. Nikaingia mwenyewe, nikamrudisha mdogo kifuani kwangu, tukakaa mgongo kwa mgongo, na nyumba ikaanguka upande mmoja kabla hatujafika mbali. Gogo likatugonga, mtumbwi ukalala, akaruka majini kuushikilia. Maji yalimfika kidevuni. Hapo nilimshika bega. Nilimshika kwa nguvu zangu zote na sikumwachia mpaka nchi kavu.

Wale kwenye mwinuko waliliona hilo kuliko walivyoona kitu kingine chochote siku ile.

Tangu hapo mzee hali na wenzake. Huku kula na wenzako wa rika wanaita kwangala, na kwa mwanaume ndiyo maisha yenyewe. Asiyekula na wenzake wanasema ni mchawi au ni maiti. Wamemwambia amegusana na mkwe, kwa hiyo mpaka atoe ng'ombe wa kusafishwa, asikae nao. Ng'ombe gani? Waliokuwapo serikali imewachukua kulisha vita. Mama mkwe alikufa zamani. Anakaa peke yake mlangoni kwake anachoma ndizi moja moja. Mzee mwenye umri ule.

Leo basi ndilo baraza. Wanawake tulikuwa nyuma ya migomba tukisikiliza, kama desturi. Jumbe akasema mambo ya miiko hayachezewi. Mwalimu akasema kanisa halina miiko hiyo, ila hataki kuwakwaza wazee, kwa hiyo ananyamaza. Akanyamaza kwa maneno mengi sana. Kisha Anyosisye akasimama. Anyosisye! Akasema kwa niaba ya rika la mume wangu kwamba wameumia kuona mke wa mwenzao amefedheheshwa hivyo.

Sikujua kama nimefungua mdomo. Nilisikia sauti yangu ikitoka kwenye migomba: "Wewe Anyosisye, kamba umeipata?"

Wanawake wakaanza kucheka chinichini, wamejiziba midomo kwa nguo. Jumbe akasema, "Mama Lugano, kila jambo lina utaratibu wake." Nikamwambia maji hayakuwa na utaratibu. Nikawauliza kama kuna mtu ana swali kuhusu watoto, maana mdogo ana kikohozi tangu siku ile, kifua kinalia kama mvukuto wa mhunzi, na katika wazee wote wale waliokaa kupima heshima yangu hakuna aliyeuliza kama bado anapumua. Jumbe akafunga baraza. Hukumu haijabadilika: ng'ombe, au akae peke yake.

Nilirudi nyumbani nikashika udongo. Nikafikiri juu ya vyungu. Chungu unakijua kinabeba kiasi gani, hukikasirikii kwa kutobeba zaidi. Pengine kosa ni langu. Labda kwa serikali nilipaswa kutarajia bunduki tu, na kwa mwalimu wimbo, na kwa Anyosisye magoti yake, na nisiwe na kinyongo. Nilijaribu kufikiri hivyo nikikanda udongo. Sikuweza. Nilikanda mpaka vidole vikauma, kinyongo kikabaki kilekile.

Ndipo nikaamua. Nikasema nitasimama. Mchana mzee hupita njia ya kisimani, na kisimani kuna watu wakati wote. Nitasimama katikati ya njia nimshukuru mbele yao, wafanye watakavyo. Kama nimeshamgusa, wataniongezea nini?

Nikaenda. Nikasikia kikohozi. Miguu ilitaka kukimbia, imezoea, nikaikaza. Wanawake wa kisimani wakaacha ndoo zao. Nikajifunika uso kwa heshima lakini nikabaki palepale katikati.

Kikohozi kikakatika. Halafu nikasikia kishindo na maji yakirushwa.

Alikimbia yeye. Mzee yule, magoti yake mabovu, alijitupa kwenye mtaro wa tope nyuma ya migomba ili mimi nisiwe mwenye kosa. Waseme wakwe walikutana njiani na mmoja akajificha kama inavyotakiwa. Alinilinda mara ya pili, na mara hii bila mtumbwi.

Nilikasirika nusura nilie. Kisha nililia. Nikaelekeza uso kwenye migomba nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka ziwani, "Ndaga, tata! Ndaga fijo!" Asante baba, asante sana.

Nikadhani hatajibu, maana si ruhusa. Kisha sauti ikatoka mtaroni, ya kukwaruza, na haikuongea na mimi. Iliongea na mgomba.

"Gwe mgomba," ikasema, "yule mdogo bado anakohoa?"

Nikauambia mgomba wa upande wangu kwamba anakohoa, lakini usiku uliopita alilala.

"Mpakeni mafuta ya moto kifuani," mtaro ukasema. "Na yule mkubwa, anakula?"

Niliitikia kwa kichwa, jambo ambalo hakuna aliyeliona, nikaondoka.

Sasa Lugano yuko hapa anachezea udongo wangu ulioharibika. Ameniuliza kwa nini babu anakula peke yake. Mjukuu hana miiko na babu yake. Hata wazee wale hawajapata cha kusema juu ya hilo, bado. Kwa hiyo kesho nitapika chungu kizima, ndizi na samaki. Nitakibeba kichwani mchana kweupe, nitapita kisimani, nitapita nyumbani kwa Anyosisye taratibu kuliko kawaida. Nikifika mwisho wa migomba nitakiweka chini, nitageuka nitembee bila kuangalia nyuma. Lugano ataendelea peke yake, akakae na babu yake mlangoni, wale pamoja.

Na kesho kutwa hivyo hivyo, mpaka mume wangu arudi anikute bado ninabeba.