Pilau Uliyopika Wewe

Wifi Mahjabin,

Pilau iko jikoni, nimeifunika na kuizungushia taulo. Usifunue mpaka wageni wamalize chai, mvuke ukitoka wali unakauka. Karoti, zabibu na lozi ziko kwenye bakuli, uzimwage juu ukishapakua.

Asubuhi nilipokuwa nakaanga lozi, mama yako aliingia, akaonja. "Tamu hasa! Sasa mwanangu, shangazi yako si anaumwa? Nenda ukamwone. Mama yake Sohrab anakuja kumposa Mahjabin kwa ajili ya mwanawe, na nimeshamwambia pilau ni ya mkono wake." Nikasema, "Sawa, mama." Unanijua, mbele yake sina neno la pili. Kwa hiyo leo nina shangazi mgonjwa, ingawa juzi tu alicheza harusini mjini Mazar mpaka viatu vikakatika.

Basi hongera, umepika vizuri. Watakuuliza umepikaje, kwa hiyo soma hapa. Mchele umeiva ndani ya mchuzi wa nyama, pamoja na iliki na bizari nyembamba. Zabibu, ~~sema ulizichemsha na mchele~~ sema ulizikaanga kidogo mpaka zikavimba. Nisamehe, hapo hasira ilishika kalamu.

La mwisho. Mama yake Sohrab atakuangalia mikono. Karoti nyingi hivi hupaka vidole rangi ya chungwa. Vyangu vinaonekana toka mlangoni, vyako ni visafi kama vya bibi harusi. Nimekuachia karoti mbili karibu na kisu. Zikate sasa hivi, kabla hawajabisha hodi.

Wifi yako