Daka la Mlango wa Oakdale

Baba,

Ukuta uliopitiwa na risasi nimeuvunja leo asubuhi. Nilianza kwa kutia kidole kwenye tundu, kisha ngumi, kisha nikaleta nyundo yako. Ulizoea kuugonga ukuta huo na kunicheka: "Fundi wa makaratasi, haya ndiyo mnayosomea chuoni? Nyumba ya biskuti." Ni kweli. Jipsamu, uwazi, jipsamu. Risasi ilikutoka mgongoni, ikaupita bila taabu, ikakwama kwenye kabati la vyombo.

Mama kaagiza mlango wa chuma na nondo za madirisha. "Huyo baba yako," anasema, "alidhani huku ughaibuni Oakdale ni kwao Tana." Sote wawili tuliona yaliyokupata. Ulikuwa umetoka shifti, una soksi tu miguuni. Kijana tusiyemjua akabisha, damu inamchuruzika usoni. Ukamvuta ndani kwa ukosi wa koti, kisha ukarudi kusimama mlangoni mbele ya waliokuwa wakimfukuza. Ukawaambia waende kwao. Damu yako ilifika jikoni.

Tangu hapo nauwaza mji wako wa mawe, ule wa mdomoni mwa Tana, uliokuwa mji kabla Mreno hajaonekana pwani. Utotoni ulicheza kwenye magofu yake. Ulinichorea nyumba zake kwenye meza yetu ya kulia: kuta nene za matumbawe na chokaa, boriti za mikoko, vidaka vya taa, na nje ya kila mlango daka lenye viti vya mawe pande zote mbili, mgeni aketi kabla hajaulizwa ni nani.

Nilikuuliza mji ulikufaje. Ukanisimulia kama wazee walivyokusimulia: wavamizi walipanda na mto maji yakijaa, wakawachinja watu vichochoroni, kisima cha msikiti kikajaa maiti. Nikasema wangefunga milango.

"Walifunga," ukasema. "Nyumba moja wenyewe waliuziba mlango kwa mawe, wao wakiwa ndani. Boriti zikashika moto, dari ikawaangukia. Mifupa ilikutwa imekumbatiana."

Nilidhani unanifundisha historia.

Alasiri akabisha. Yule kijana, sasa ana kovu juu ya jicho. Mama alichungulia dirishani. "Usithubutu." Nyundo nilikuwa nayo bado, mikono imejaa vumbi la ukuta. Baba, nilifungua ili nimpige. Nilikwisha kuliona fuvu lake likipasuka, na picha hiyo ilinipendeza.

Aliiona nyundo. Hakukimbia. Aliketi kwenye ngazi, juu ya theluji, akanipa kisogo, akasema jina lako amelisoma gazetini lakini hajui linavyotamkwa.

Nikalitamka. Akalirudia vibaya. Nikalitamka tena, na tena, mpaka mkono wenye nyundo ukachoka, nikaishusha. Mama alikuwa amekuja nyuma yangu, analia kimya.

"Mwambie ainuke," akasema. "Ngazi hizo zina baridi."

Mlango wa chuma utakuja, sitagombana naye. Lakini ardhi ikiacha kuganda nitachimba msingi pande zote mbili za mlango huo, nikujengee daka. La mawe. Nitalijenga kwa mikono hii hii iliyotaka kuua, na atakayebisha atapata pa kuketi.

Pumzika sasa, Baba. Zamu ya mlangoni ni yangu.

Fundi wako wa makaratasi