Filimbi Nyuma ya Stendi ya Malori

Migori, Jumamosi, 1997. Hakuna jua, hakuna mvua.

Leo nimerudisha ufunguo wa chumba tulichopanga nyuma ya stendi ya malori.

Ilianza kama filimbi ndogo. Asubuhi madereva wa malori ya kwenda mpakani walipowasha injini na kuziacha zikinguruma nyuma ya ukuta wetu, niliisikia, nyembamba, kama ya mbali. Jirani yangu Mama Ochieng' alisema ni juogi, roho za wafu, waliohamia chumbani mwetu.

Niliamini.

Nikaita watu wa kanisa. Tulishikana mikono tukaomba kwa sauti kubwa. Katikati ya maombi injini zikazimwa, nasi tukanyamaza. Filimbi ikaendelea.

Ilikuwa inatoka kifuani mwa Akinyi, binti yangu wa miaka mitano.

Alikuwa ameketi kitandani, mabega juu, midomo imebadilika rangi. Nikambeba mbio hadi zahanati. Muuguzi alimpa dawa ya kuvuta, kisha akampangusa pua kwa pamba. Pamba ikatoka nyeusi.

"Mnalala wapi?"

"Nyuma ya stendi ya malori."

Akanitazama. "Si wewe wa kwanza kutoka huko. Mtoe hapo, mama. Ni ule moshi wa malori."

Nikampeleka Ndhiwa kwa mama yangu, nami nikatafuta chumba kingine ng'ambo ya mto. Huko Ndhiwa Akinyi analala kimya kabisa, kimya hadi namgusa nijue kama yuko hai. Jana nilipokuwa huko aliniuliza, "Mama, nani analala kwa kitanda yangu sasa?"

"Hakuna mtu."

"Usiwache mtu alale huko."

Leo nilipofika na ufunguo, mlangoni alikuwa amesimama msichana mwenye mtoto mchanga mgongoni. Mpangaji mpya. Nilimweleza yote, moshi, pamba, ile filimbi. Alinisikiliza kwa heshima.

"Asante, dada. Lakini bwanangu ni taniboi, msaidizi wa dereva wa lori hapa. Tutaenda wapi?"

Akaingia, akamlaza mtoto kwenye kitanda nilichoacha. Nyuma ya ukuta lori likaanza kunguruma. Mtoto alifungua macho, hakulia. Alifungua tu mdomo.

Jumatatu nitaenda kwa chifu kuomba malori yahamishwe, hata kama ni peke yangu.

Lakini kati ya leo na Jumatatu, mtoto yule atavuta nini?